Darubini ya 8x42: miezi kumi na minne Mwanza, siku tatu Uganda

Nimeitumia darubini hii kwa miezi kumi na minne, karibu kila asubuhi, na Oktoba nilivuka nayo mpaka wa Mutukula kwenda Uganda. Imelowa mvua, imebanwa kwenye basi, imeshikwa na watoto wa mtaa mzima. Nadhani sasa naijua vya kutosha kumweleza mtu anayefikiria kununua.

Mwanangu alipokwenda bweni kuanza kidato cha kwanza, nyumba ilinyamaza. Nilijaribu kroshia, bega likauma. Nilijiunga na kikundi cha kukimbia, goti likakataa. Naishi Luchelele, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ziwa liko hatua chache kutoka mlangoni. Siku moja nikingoja maji ya chai yachemke nilimwona ndege mwenye madoa meusi na meupe amesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga lakini yeye hasogei. Kisha akajitupa chini, akaibuka na dagaa mdomoni. Nimeishi hapa miaka tisa na sikujua anaitwaje. Jirani yangu mzee mmoja akaniambia, "Huyo mdiria, mama, yupo hapa siku zote." Yupo siku zote! Maneno hayo yalinikaa moyoni wiki nzima, na mwisho wa wiki nikaenda mjini kutafuta darubini.

Ile ya kwanza nawasihi msiinunue, popote mtakapoikuta. Nilitoa shilingi 45,000. Kwenye boksi iliandikwa inakuza mara 70, vioo vyake vya mbele vyekundu vinang'aa kama rubi, na muuzaji akanihakikishia kwamba wekundu huo ndio ubora. Sivyo. Rangi ile inarudisha nje mwanga mwekundu usiingie ndani, kwa hiyo kila unachokitazama kinageuka kijanikijani. Kukuza kwenyewe kulikuwa pungufu sana ya kulikoandikwa, na pande mbili zilikuwa hazikukaa sawa, kila jicho linaona picha yake. Baada ya dakika tano kichwa kinagonga. Niliirudisha, muuzaji akakataa kuipokea.

Hii ya sasa niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiongoza watalii, ambaye alikuwa anapata nyingine. Tulielewana shilingi 250,000. Kampuni siitaji, kwa sababu kilichonisaidia ni namba, na namba hizo mtazikuta kwa watengenezaji wengi.

8x42 maana yake ni hii. Nane ni mara inazokuza: ndege aliye mita 80 unamwona kana kwamba yuko mita 10. Arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Gawanya 42 kwa 8, unapata milimita 5 na robo, ambao ndio upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. Alfajiri mboni ya jicho hutanuka, inataka mwanga mwingi, na duara hilo linaitosheleza. Vile vidarubini vya mfukoni vya 8x21 vinakupa nusu yake tu. Saa sita mchana hutaona tofauti kubwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ndege ndio wameamka, utaona ukungu wakati mwenzako anahesabu manyoya.

Najua wengi watataka ya 10 au 12, kwa kuwa namba kubwa inaonekana ndiyo bora. Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini kila inachokuza kwenye ndege inakikuza kwenye mtetemo wa mkono wako pia. Na kadiri inavyokuza ndivyo eneo unaloliona linavyozidi kuwa dogo, kwa hiyo ndege akiruka tawi moja tu umempoteza, unabaki unazungusha shingo kwenye majani matupu. Kwa anayeanza, nane inatosha na kubaki.

Dukani fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Ishike mbali, mikono imenyooka, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha (usielekeze kwenye jua kamwe, utapofuka) na utazame yale maduara mawili madogo ya mwanga. Yakiwa mviringo safi mpaka ukingoni, vioo vya ndani ni vizuri. Yakiwa na pembe kama almasi, vya ndani ni vya bei rahisi. Halafu itazame nguzo au kona ya ukuta kwa macho yote mawili. Ukiona mbili, au ukihisi macho yanavutwa, iache hapo hapo.

Ukishainunua, ipange kwa macho yako. Wengi hawafanyi hivyo, kisha wanasema haioni vizuri. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione kwa ukali. Sasa funga la kushoto, na bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lione kwa ukali. Basi, pete ile usiiguse tena. Mimi navaa miwani, kwa hiyo vikombe vya macho navizungusha vishuke chini kabisa. Asiyevaa miwani avipandishe.

Kuhusu maisha nayo ya kila siku ningeweza kuandika mpaka kesho. Nilidhani Luchelele tuna kunguru, yangeyange na yule korongo mwenye mfuko shingoni anayekaa kwenye majalala. Mwezi wa kwanza peke yake niliandika aina 41 kwenye daftari, wote kati ya mlango wangu na kituo cha daladala. Nilimwona kwenzi, ambaye kwa macho ni ndege mweusi tu, akigeuka juani na kuwa bluu, kijani na zambarau kwa zamu. Kuna chozi anayekuja kwenye maua ya uani kila siku karibu saa moja na robo. Dudumizi nilikuwa namsikia tangu utoto, bibi akisema anaita mvua, na nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43, ana macho mekundu kama kaa la moto. Nilikaa chini kwenye jiwe. Bibi alishafariki na nilitamani sana kumwambia.

Jumapili huwa navuka kwenda Saanane, ile hifadhi ya taifa iliyo kisiwani, mashua dakika chache tu kutoka mjini. Tai mlasamaki wapo, na mijusi ya mawe yenye vichwa vya rangi ya waridi na miili ya bluu inakuja mpaka miguuni. Hapo ndipo pa kumpeleka mtoto na darubini kwa mara ya kwanza, maana viumbe ni vikubwa na havikimbii.

Kasoro zake ni hizi. Ina uzito wa karibu gramu 650 na mkanda wake ulikuwa mwembamba, shingo iliuma mpaka nilipomwomba fundi viatu anishonee mkanda wa kupita mabegani kama wa mkoba wa shule. Haioni kitu kilicho karibu kuliko mita 3, kwa hiyo yule chozi akija dirishani lazima nirudi nyuma mpaka jikoni. Vifuniko vya mbele vilipotea wiki ya pili. Na unyevu wa ziwani ni adui: ukiifungia kabatini ikiwa na jasho, ukungu utaota ndani ya vioo na huutoi. Mimi nimeiweka kwenye kopo lenye vile vifuko vidogo vya chembe kavu vinavyokuja na viatu vipya. Usifute kioo kwa kanga hata iwe laini namna gani. Puliza mchanga kwanza, kisha kitambaa cha miwani.

Kuna jambo jingine ambalo silo kosa la chombo, lakini lazima nilitaje. Mtu mwenye darubini anatiliwa shaka. Mama mmoja alinijia akiwa amekasirika, akidhani nachungulia uani kwake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, shikamoo, nikajieleza na kumwachia atazame mwenyewe. Alitazama ziwa robo saa nzima. Karibu na bandari, uwanja wa ndege, kambi au kituo cha polisi siitoi kabisa kwenye mkoba, na wewe usiitoe.

Sasa Uganda. Nilikuwa nimesoma habari za korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu, kimo chake kama mtoto wa darasa la kwanza, mdomo mnene kama kiatu cha mbao. Waganda wanamwita bbulwe. Duniani wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu. Tanzania tunaye pia, kwenye ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, lakini kufika huko kunataka gari la maana na siku nyingi. Kinamasi cha Mabamba, upande wa magharibi wa Entebbe, mtu wa kawaida anakifikia kwa mabasi.

Nilipanda basi Mwanza alfajiri, tukapita daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ambayo zamani tuliyasubiria kivuko kwa masaa. Nililala Bukoba kwa shangazi. Kesho yake Kyaka, kisha Mutukula, ambako nchi zote mbili zinagonga mihuri kwenye jengo moja. Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa alitaka kujua darubini ni ya nini. Nilimwambia naenda kutazama ndege, nikamwonyesha daftari langu. Akalifungua, akasoma majina kwa sauti, akanigongea muhuri. Baada ya hapo Masaka, mstari wa ikweta pale Kayabwe, mpaka Mpigi nilipolala.

Mtumbwi ulitoka saa moja asubuhi. Bei ni ya mtumbwi mzima, si ya kichwa, kwa hiyo nilichangia na mume na mke waliotoka Kisumu. Njia za maji ni nyembamba kati ya mafunjo, mwongozaji anasimama nyuma na kusukuma kwa mti mrefu, na juu ya majani ya yungiyungi wanatembea ndege wenye vidole virefu mno. Tulizunguka karibu saa nzima, kisha akanong'ona, "Nnyabo, kulia," yaani mama, upande wa kulia.

Alikuwa mita 60 hivi. Kwa macho, ni kigogo cha kijivu. Kwa darubini akawa mita saba na nusu, na nikaona kila kitu: ndoano kwenye ncha ya mdomo, madoa yaliyotapakaa juu yake kama kutu, kishungi kidogo kisogoni, na utando mweupe unaopita juu ya jicho polepole kisha unarudi. Mwenzetu wa Kisumu alikuwa na ya 12x50, chombo cha bei mara tatu ya changu. Mtumbwi unayumba, picha yake ikawa inaruka juu na chini, na mwisho aliniomba yangu. Hapo ndipo nilipoamini kwa dhati yale ya namba.

Korongo yule alisimama dakika arobaini bila kula. Aliinua mguu mmoja, akauweka mahali pengine. Anawavizia kamongo, ambao huja juu kuvuta hewa. Mwongozaji alituambia kwa Kiswahili chake, "Zamani mvuvi akimwona huyu asubuhi anarudi nyumbani, anajua leo hakuna samaki." Ndiyo maana waliwaua. Sasa wengine wa wavuvi hao hao wanaishi kwa kuwaonyesha wageni, na nilipompa darubini alimtazama muda mrefu kuliko sisi wote.

Kwa kutambua majina natumia programu ya simu iitwayo Merlin, inayotolewa bure na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Pakua furushi la ndege wa eneo unalokwenda ukiwa bado na waifai, maana linafanya kazi bila mtandao, na kule kinamasini mtandao nilipata kwa kubahatisha. Majina ya Kiswahili nayaandika mwenyewe daftarini, kwa kuwauliza wazee na wavuvi. Nina 63 mpaka sasa.

Mwanangu akirudi likizo ananyang'anya darubini asubuhi nzima, lakini uso wake bado mdogo, hata ukikunja bawaba mpaka mwisho macho yake hayafiki katikati ya vioo. Nimeanza kumtafutia ya 8x32, nyepesi zaidi na bawaba yake inakunjika zaidi. Aliye nayo Mwanza, Shinyanga au Bukoba, imetumika au mpya, aniambie bei, lakini nitakuja kuitazama kona ya ukuta kwanza.