Betri za sola gereji hapa Phoenix: uzoefu wangu, na habari ya moto

Wabongo na Wakenya wa Arizona mnaofikiria kufunga betri nyumbani, mi nimefunga Powerwall 3 mbili (betri za nyumbani za Tesla) gereji na kiangazi nimeshakipitisha nazo, umeme ukikatika AC inaendelea tu, hapo sina malalamiko. Ila kila anayenipigia anauliza bei, hakuna anayeuliza habari ya moto, na mi hiyo ndo ilinifanya nichague kampuni.

Kampuni ya kwanza bei yao ilikuwa chini, lakini yule jamaa wa mauzo akataka betri zikae nje ukutani chini kabisa ya dirisha la watoto, eti waya unakuwa mfupi. Kampuni ya pili walipoona pale wakakataa palepale, wakanionyesha NFPA 855, kanuni ya Marekani ya usalama wa betri za kuhifadhi umeme, toleo lake la kwanza ni la 2020. Ukifunga nje ukutani unakaa futi 3 kutoka mlango na dirisha, chumba cha kulala ni marufuku, betri moja isizidi kWh 20 (zangu ni 13.5 kila moja) na gereji mwisho kWh 80 kwa ujumla. Kati ya betri na betri nako futi 3, labda mtengenezaji awe na majibu ya jaribio la UL 9540A yanayoonyesha moto hauruki zikisogezwa karibu.

Sababu yenyewe ni hii, betri ndani ni seli nyingi zimepangwa pamoja, seli moja ya lithiamu ikiharibika inajipasha moto yenyewe, joto linahamia kwa jirani yake, na hata kabla ya mwali kuonekana inatoa gesi zinazowaka, haidrojeni ikiwemo. Sasa hizo gesi zipande mpaka dirishani kwa watoto usiku! Na sisi wa huku mfano tunao, mji wa Surprise ni hapo tu, tarehe 19 Aprili 2019 kwenye kituo cha betri cha McMicken kemikali ya kuzima moto ilifunguka yenyewe lakini seli zikaendelea kupashana joto, gesi zikajaa ndani hazina pa kutokea, zimamoto walipofungua mlango pakalipuka wakaumia vibaya sana. Najua ule ni mtambo mkubwa, na hizi zangu ni LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) ambazo haziwaki kirahisi kama zile za lithiamu zenye nikeli, lakini zikiharibika nazo zinatoa gesi, kwa hiyo mi umbali sibishani nao.

Basi nikawapa kazi kampuni ya pili, na mafundi wao walifanya kazi safi. Wamesimamisha nguzo ya chuma mbele ya betri ili gari lisizigonge, swichi ya kuzimia iko nje na kibandiko chake ili zimamoto wakija waione, na mkaguzi wa jiji alipima kila kitu kwa futi kamba, hakuangalia picha tu akasaini.

Natoa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu kihisi cha joto cha gereji hawakuja nacho (kile cha moshi gereji kinapiga kelele ovyo kwa vumbi na moshi wa gari), mkaguzi ikabidi arudi tena, na ile nguzo haikuwa kwenye bei ya mwanzo. Kabla hujasaini waambie vyote viwili waviandike kwenye mkataba.