LibreOffice Calc kwenye somo la takwimu: ifunguliwe lini?

Kwa shule za Lubumbashi, sifa kubwa ya Calc, programu ya majedwali ya hesabu, ni kwamba ni ya bure na haidai intaneti ikishawekwa kwenye mashine. Hata hivyo, si kila zoezi linaihitaji. Data zikiwa chini ya 20, daftari na ubao vinaishinda: mwanafunzi anayepanga namba kwa mkono, kuanzia ndogo hadi kubwa, anaiona mediani pale katikati. Anayeandika =MEDIANE(B2:B13), fomula ya mediani kwa Kifaransa, anapewa jibu, basi.

Calc inaanza kufaa darasa zima linapoleta bei, tuseme 60, za mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25 kutoka soko la Kenya (la hapa Lubumbashi, si nchi) na mengineyo. Kwanza mkubaliane sarafu. Bei moja ya franka ikiingia kati ya zile za dola, wastani wote umeharibika, na Calc haitalalamika.

Kero kubwa zaidi ni nukta. Programu ikiwa imepangwa kwa Kifaransa, desimali huandikwa kwa koma. Andika 18.5 na itachukuliwa kama maandishi; =MOYENNE, yaani wastani, itairuka kimyakimya. Itazame vizuri: namba halisi hukaa kulia mwa kisanduku, maandishi kushoto. Basi kabla ya wastani, andika =NB(B2:B61), inayohesabu visanduku vyenye namba halisi. Ikitoa 54 badala ya 60, kuna sita za kuandika upya. Kibodi yenye sehemu ya namba pembeni huweka koma yenyewe ukibonyeza nukta ya pale. Laptop ndogo nyingi hazina sehemu hiyo.

Grafu hutoka haraka na safi, ila mhimili wa wima unaweza kuanzia mbali na sifuri, tofauti ndogo ya bei ikaonekana mlima. Bofya mhimili mara mbili, nenda Échelle, ondoa Automatique kwenye Minimum, weka 0.

Kwa kwartili, yaani thamani zinazogawa data katika robo nne, Calc ni mwalimu mbaya. Chukua pointi 4, 6, 8, 9, 11, 12, 14, 17. Kwa kanuni ya kuchukua thamani inayofikisha robo ya data, Q1 (kwartili ya kwanza) ni ya pili, yaani 6. =QUARTILE inatoa 7,5 kwa sababu inakadiria kati ya 6 na 8. Zote mbili zinakubalika, lakini karatasi ya mtihani hufuata moja, kwa hiyo kwartili zibaki ubaoni mpaka darasa liweze kueleza ile 7,5 imetoka wapi.