Sedani ya hadhi iliyotumika kwa mkazi wa Arusha na Moshi: ipi hutengenezeka hapa hapa

Mnunuzi wa sedani ya hadhi iliyotumika huanza na bei, na wengi huishia hapo hapo. Mimi ninayapanga magari haya kwa swali jingine: likiharibika, litatengenezwa wapi, na nani analijua? Spea iliyopo katika maduka ya Arusha au Moshi hukugharimu bei yake tu. Isiyokuwepo hukugharimu bei yake, nauli ya mzigo wa basi kutoka Kariakoo au safari ya Nairobi kupitia Namanga, pamoja na siku zote ambazo gari limelala gereji nawe unapanda daladala.

Kuna mtego mmoja wa kodi ambao ni vyema kuujua mapema. Gari la zaidi ya cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na lililo chini ya hapo, kuanzia cc 1,001, hutozwa asilimia 5. Ndiyo maana BMW 320i au Mercedes-Benz C 180 huweza kuonekana nafuu katika hesabu za TRA kuliko Toyota yenye injini ya lita 2.5. Nafuu hiyo huipata mara moja, siku ya kuagiza.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Mark X ya lita 2.5, hasa kizazi cha pili kilichoanza kutoka mwaka 2009. Injini yake, 4GR-FSE, ni ya mfumo ambao mafundi wetu huuita D4, na wapo wanaokukataza kuinunua kwa sababu ya jina hilo tu. Hofu yao ina msingi, lakini wameikuza. Katika mfumo huu petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha; masizi hujikusanya hapo taratibu, mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi. Tiba yake ni kufungua njia ya hewa na kuzisafisha valvu, kazi ambayo sehemu kubwa ya gharama yake ni ufundi. Pistoni ringi zikichoka, injini hula oili, na hapo ndipo gharama inapopanda. Pima kiwango cha oili kabla ya kununua, na uwe na mazoea ya kukipima kila wiki. Chunguza pia wota pampu: alama za waridi zilizokauka pembeni yake ni maji ya rejeta yanayovuja. Kosa ninaloliona likirudiwa zaidi ni la giaboksi, ambayo inataka oili ya Toyota aina ya WS, ilhali wenye magari huwekewa oili yoyote ya otomatiki iliyopo dukani, kisha gari likianza kugonga linapobadilisha gia, lawama hutupiwa Mjapani. Bushi za mbele huisha upesi kwa mtu anayepita kila siku njia za mawe za Moshono au Ilboru, ila kila fundi anaziweza. Kwa ujumla matatizo ya gari hili huhesabika kwa malaki, na husogea polepole kiasi cha kukupa muda wa kujipanga.

Ya pili ni Toyota Crown ya 2003 hadi 2008, ambayo katika toleo la lita 2.5 hutumia injini hiyo hiyo. Inashuka nafasi moja kwa sababu ina vifaa vingi zaidi vya umeme, na vingi vimezeeka. Lexus IS 250 nayo ina injini hiyo, lakini usidhani spea za bodi zake zitapatikana kirahisi vilevile.

Ya tatu ni Mercedes-Benz C-Class ya 2007 hadi 2014, gari ninalolipenda na ambalo nisingemshauri mtu alinunue kwa senti yake ya mwisho. Injini za silinda nne za petroli, familia ya M271, hudhoofika taiming cheni, yaani mnyororo unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, na meno ya gia za kemshafti inazozungusha. Mlio wa kukwaruza wa sekunde chache wakati wa kuwasha ndio dalili yake. Cheni ikiruka, valvu hugonga pistoni. Kazi hiyo huvuka milioni moja kwa urahisi. Kisha kuna kufuli ya umeme ya usukani. Shemeji yangu aliegesha la kwake Usa River, akarudi baada ya chakula, ufunguo ukaingia na lisiwake kabisa. Kwa kuwa usukani ulikuwa umefungwa, halikuweza hata kuvutwa kwa kamba. Ilibidi libebwe, na kufuli ikangojewa kutoka Dar es Salaam.

BMW 320i ya kizazi cha E90, cha 2005 hadi 2011, ni ya nne. Oili huvuja kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, sili za valvu hukauka na kutoa moshi wa bluu baada ya gari kusimama likinguruma, na reli za plastiki za cheni huvunjika. Nyingi hazina tairi la akiba, jambo zito kwa mtu anayesafiri usiku. Hata betri mpya husajiliwa kwenye kompyuta ya gari, basi hakikisha kwanza kwamba fundi wako ana mashine inayosoma BMW.

Audi A4 ya 2.0 TFSI ya miaka ya 2009 hadi 2011 iache. Inakula oili kwa sababu ya pistoni ringi zake, na spea ni adimu.

Kwa Toyota hizo bakiza angalau milioni 3 pembeni baada ya kununua. Kwa Mjerumani bakiza mara mbili yake. Siku ya kukagua, mwambie dalali asiliwashe gari kabla hujafika, fika alfajiri, na uweke kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, rudi kesho yake, maana mitetemo na milio niliyoitaja hujitokeza zaidi injini ikiwa ya baridi.