Kuteleza kwenye theluji mwishoni mwa Aprili: Val Thorens au Zermatt?
Val Thorens, Ufaransa, imejengwa kwenye mwinuko wa mita 2,300, hivyo theluji hudumu, na hoteli nyingi unavaa skii, vibao vya kutelezea thelujini, mlangoni ukateremka. Kasoro ni njia: treni inaishia Moûtiers, halafu basi linapanda kona baada ya kona. Anayechafukwa na tumbo safarini atateseka.

Zermatt, Uswisi, kijiji kiko chini zaidi, lakini gari la kebo linakufikisha mita 3,883, kwenye barafuto, yaani barafu ya kudumu ya mlimani. Kutoka uwanja wa ndege wa Zurich ni treni njia nzima. Unabadilisha treni kituo cha Visp, kisha unakaa dirishani, begi miguuni, mto ukikimbia chini ya miamba. Ni ghali, kweli. Hata hivyo nachagua Zermatt, kwa sababu ninafika sijachoka na asubuhi naiwahi theluji kabla jua halijailainisha.