Laini nzuri, watu wake wamenichosha

Naandika hasira hazijapoa, mnisamehe. Saccos yetu ina seva Moshi, na tulitaka kila muamala uakisiwe, yaani unakiliwe papo hapo, kwenye seva ya pili Arusha. Tukalipia laini maalumu ili data zisigombanie njia na intaneti ya ofisi.

Sikuruka hatua. Bakapu nilirejesha Arusha kwa amri ya NORECOVERY, inayoiacha hifadhidata ikisubiri data zaidi, na ya logi (rekodi ya miamala) pia. Poti 5022, mlango ambao seva zinaakisiana kupitia, nikaifungua kwenye faiawoli (kizuizi cha usalama wa mtandao) pande zote mbili. Majina ya seva nikayaelekeza kwenye anwani za laini mpya, maana ukiliacha hilo data zinapita njia ya zamani na hujui. Nikaunganisha. Kosa 1418: seva ya pili haifikiki.

Nikapiga simu kwa watoa huduma. Fundi aliyepokea, hata salamu hakuitikia. "Dada, pingi inakwenda?" Inakwenda, seva ya Arusha inajibu ujumbe wa majaribio. "Basi laini nzima, tatizo lenu." Nikamweleza kuwa pingi kupita si ushahidi kwamba 5022 inapita. Nimeijaribu poti yenyewe kwa programu ya telneti: nikiwa ndani ya ofisi ya Arusha poti inajibu, kutoka Moshi kimya. Akanikatiza: "Hapo hakuna mwanaume wa IT nimwelekeze?"

Jamani! Akiba za mama wa sokoni na walimu wastaafu ziko mikononi mwangu, halafu naulizwa mwanaume! Nilishika simu nikitetemeka.

Siku kadhaa baadaye akaja kijana mwingine. Akasalimia, akaniomba nimwonyeshe nilichokiona, akafungua kifaa chao wenyewe. Kichujio kilikuwa kinazuia poti zote isipokuwa chache, na 5022 haikuwemo. Chai haijapoa, 1418 imeondoka na seva zimelingana.

Na laini yenyewe, haki ya Mungu, inafanya kazi. Tunaakisi kwa mtindo ambao muamala haukamiliki hadi logi iandikwe Arusha. Laini ikizubaa, foleni dirishani inasimama. Mpaka leo keshia hajalalamika hata mara moja. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tano.

Kisha ikaja ankara: gharama ya safari ya fundi, "hitilafu upande wa mteja". Upande wa mteja! Kichujio chao, kwenye kifaa chao! Hakuna aliyeniomba radhi hadi sasa.

Nyota mbili, zote za yule kijana. Ya laini tumelipa. Hiyo ya safari hatulipi.