Vitabu vya MCAT: fungua kurasa za nyuma kwanza

Kila msimu wa kujiandikisha kwa MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari Marekani na Kanada, ukikaribia napokea picha zilezile: seti ya vitabu vya mtumba imepangwa kitandani, na chini yake swali moja, "Dada, hivi vinafaa?" Nikiikuza picha, mara nyingi naona jalada linaahidi mbinu za kuandika insha. Insha iliondolewa kwenye MCAT mwaka 2013. Kisha Aprili 2015 AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani kinachoutunga, wakaufumua mtihani wenyewe: saikolojia na sosholojia zikapata sehemu yao, bayokemia ikapanda cheo, alama zikaacha kuhesabiwa kwa 45 na kuanza kuhesabiwa kati ya 472 na 528, na siku ya mtihani ikafika urefu wa saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko. Aliyenunua seti ile ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hilo halihitaji mjadala mrefu.

Wanaonisumbua zaidi akili ni walionunua vitabu vipya kabisa na bado wanalia. Wamefanya maswali mpaka macho yanawasha, alama zimeganda palepale. Huwa nawaomba kitu kimoja: nitumie picha ya ukurasa wa majibu. Ugonjwa huonekana hapo.

Kwa hiyo sitaongelea ukubwa wa maandishi, michoro ya rangi wala programu ya simu; muuzaji atakuimbia hayo bila kuombwa. Ninachoangalia mimi ni namna kitabu kinavyoyaeleza majibu yasiyo sahihi. MCAT ina maswali 230, kila swali lina majibu manne. Maana yake siku hiyo utakutana na majibu 690 ya uongo, na kila moja limetungwa na mtu anayejua utateleza wapi. Kitabu kinachokueleza lile moja la kweli na kunyamazia mengine kimekufundisha robo ya kazi.

Tuseme swali linauliza kizuizi kinachogombea nafasi na substrati (kile ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi) hukifanya nini kimeng'enya. Jibu ni C: Km (kiasi cha substrati kinachokifikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu) inapanda, Vmax (hiyo kasi ya juu yenyewe) haibadiliki. Kitabu kivivu kinaandika, "C ni sahihi, kwa sababu kizuizi shindani hupandisha Km," kisha kinahamia swali linalofuata. Kitabu kinachojiheshimu kinakwambia kwamba A, ambapo vyote viwili vinashuka, ni kizuizi kinachosubiri kimeng'enya kishikane na substrati ndipo nacho kiingie. Kwamba B, ambapo Km imetulia na Vmax imeshuka, ni kile kisichogombea nafasi kabisa. Na kwamba D, Km kushuka huku Vmax ikibaki ilivyo, ni mtego wa anayesahau kuwa Km kubwa ni dalili ya kushikana kwa ulegevu. Hapo swali moja limekufundisha mambo manne. Wiki ijayo wakikuletea grafu badala ya maneno, hutatetereka.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni UWorld, na sifichi kwamba nina upendeleo. Unalipia muda wa kutumia benki yao ya maswali kwenye intaneti. Kila swali lina maelezo marefu yenye mchoro, kila jibu baya linaelezwa kosa lake, na unaonyeshwa asilimia ya watu waliochagua kila herufi. Hiyo asilimia naipenda kuliko inavyostahili: ukikuta umeangukia jibu lililowanasa wengi, unajua mtego ulikuwa wapi, ukikuta uko peke yako, unajua hukusoma swali. Bei ni kali. Nitarudi huko.

Namba mbili ni AAMC wenyewe. Nimewaweka pili kwa ubahili wa maelezo tu, maana mengine ni sentensi mbili na kwaheri. Ila hao ndio watungaji, na lugha ya maswali yao hakuna anayeiiga ikakaa sawasawa. Mitihani yao ya mazoezi iweke wiki za mwisho, usiichezee mapema. Section Bank, mkusanyo wao wa maswali kwa kila sehemu, ni ngumu na inafaa sana kwa kusoma grafu na majedwali ya utafiti. Question Packs, mafungu yao ya maswali kwa kila somo, ningezichukua mwisho, kwa sababu maswali yake mengi yametoka enzi za mtihani wa zamani.

Namba tatu, Kaplan, ile seti ya vitabu saba. Kwa kujaza mapengo ya masomo iko vizuri, hasa kama fizikia uliisoma zamani. Lakini sura inaisha kwa maswali 15 yanayojitegemea, bila kifungu cha kusoma, wakati kwenye kila sehemu ya sayansi ya MCAT maswali 44 kati ya 59 yanatoka kwenye vifungu. Kwa hiyo soma sura, kisha nenda kafanyie mazoezi kwingine. The Princeton Review ni nene zaidi na ina undani zaidi. Mwenye muda aichukue, mwenye kazi ya usiku aiache.

Vya bure: video za Khan Academy kwa saikolojia na sosholojia, kifungu cha kila siku cha tovuti ya Jack Westin kwa CARS (sehemu ya kusoma na kuchambua vifungu), kadi za Anki, programu ya kukariri, kwa asidi amino 20. Tumia vyote.

Sasa bei. Kinachoniudhi ni kwamba kitu pekee ninachokuambia ukikague kimefungiwa ndani ya plastiki. Nilishasimama kwenye kaunta ya duka moja nikaomba kuona ukurasa mmoja tu wa majibu, nikaambiwa nikichana plastiki nimenunua. Mamia ya dola, na mteja haruhusiwi kufunua! Ukienda kwa wauza mtumba nao wana lao: wanakuuzia seti "pamoja na mitihani ya mtandaoni", kumbe namba ya siri ilishatumiwa na mwenye kitabu wa kwanza. Omba uhakikishiwe namba hiyo kabla ya kutoa hata senti. Wakikataa, kata bei au ondoka.

Na kama uko Marekani kwa uraia, makazi ya kudumu au hadhi ya ukimbizi, na kipato cha nyumbani ni kidogo, omba msaada wa ada wa AAMC kabla hujanunua chochote kwao. Ukikubaliwa, ada ya mtihani inapunguzwa na vifaa vyao vya mazoezi unavipata bure. Ulichokwisha kulipa kabla ya kukubaliwa hakirudishwi, hata ulie vipi.