Punje za funza kwa samaki wa mapambo: lebo inasema 40, goldifishi hapati 40

Ni mfuko mweupe wa kilo moja, hauna chapa, unauzwa Arusha mjini kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Viambato ni vitatu: unga wa funza wa nzi mweusi, Hermetia illucens, soya, na pumba za ngano. Protini imeandikwa asilimia 40. Hapo ndipo pa kushika kalamu.

Maabara hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25. Kwa dagaa hesabu hiyo inakubalika. Lakini gamba la funza lina kaitini, kitu kigumu kinachojenga gamba hilo, na kaitini ina naitrojeni isiyo ya protini. Kwa funza mzima kizidisho kinachofaa zaidi ni 4.76, hivyo unga wake ulioandikwa 40 unashuka hadi karibu 30. Soya iliyomo inapunguza pengo hilo, ila haliishi.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye hiyo soya. Ponda punje, nusa: harufu ni ya maharage mabichi, dalili kwamba haikuiva vizuri. Soya mbichi ina vizuia tripsini, yaani vinavyozuia kimeng'enya kinachovunja protini utumboni. Goldifishi na koi hawana tumbo la asidi. Chakula kikitoka kooni kinaingia utumbo moja kwa moja, na kazi ya pepsini, kimeng'enya cha tumboni, haipo kabisa. Wanategemea tripsini, na ndiyo hiyo inayofungwa. Sikilidi, samaki wa jamii ya perege, wana tumbo lenye asidi, angalau wanaanza kuivunja protini mapema.

Usagaji nao ni wa haraka haraka. Ndani ya punje kuna vipande vya maganda meusi, vikubwa kama majani ya chai. Ukiziacha punje juu ya gazeti, zinaacha doa la mafuta, maana funza hawakukamuliwa. Mafuta hayo huchacha, hasa kwenye joto la Moshi. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na jua.

Kwenye glasi ya maji, dakika ya kumi punje zinaanza kumwaga unga. Pumba hazina wanga wa kutosha kushika. Unga wa ngano ungeshika. Mabaki hayo ndiyo yanayopandisha amonia, sumu kwa samaki, kwa hiyo toa kile kinachoisha ndani ya dakika mbili tu. Juni na Julai, tangi la Arusha lisilo na hita likishuka nyuzi 18, goldifishi alishwe mara moja kwa siku, maana mmeng'enyo unapungua kasi.

Sikilidi wanaokula nyama wanaweza kupewa hadi nusu ya mlo. Mbuna, sikilidi wa Ziwa Nyasa wanaokula mwani, hapana. Goldifishi, robo, na robo tatu iwe chakula chao cha kawaida. Gapi, samaki wadogo, wasagiwe upya na kuchekechewa kwa chujio la chai. Maganda yanayobaki juu, wape kuku.